Gemu Ni Moja, Mashine Ni Mbili

Ndugu msomaji, nenda leo soko la mahindi la Kibaigwa, ununue gunia lako na ulifikishe nyumbani salama. Hakuna mfanyabiashara atakayekufuata akuambie kwamba mahindi hayo yanasagwa kwenye mashine ya mzee fulani tu, na kwamba ukiyapeleka mashine ya jirani yatagoma kusagika mpaka ununue gunia jingine la mahindi yale yale. Ungemwona mtu huyo ana wazimu. Lakini sisi vijana tunaopenda gemu tumekuwa tukiambiwa maneno hayo hayo kwa zaidi ya miaka 40, na tumeitikia sawa, tukatoa hela tena.

Makala hii ni historia fupi ya jambo hilo. Kwa nini mtu akiwa na gemu kwenye mashine moja ahesabiwe hana gemu hiyo kwenye mashine nyingine? Nani aliamua? Na je, ni lazima iwe hivyo?

Kabla sijafika kwenye gemu zenyewe, hebu tuangalie reli zetu, maana zinafundisha. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA iliyokamilika miaka ya 1970 ina upana wa milimita 1,067, kwa sababu ilipaswa kuungana na reli za Zambia. Tofauti ni milimita 67 tu, chini ya urefu wa kidole, lakini kule Kidatu zinapokutana mzigo lazima uhamishwe kutoka mabehewa ya reli moja kwenda ya nyingine. Kisha mwaka 2024 treni za umeme zikaanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma juu ya reli ya tatu, yenye upana wa milimita 1,435. Nchi moja, reli tatu. Tofauti hizi zilitokana na nani alijenga, lini, na kwa shabaha gani. Hakuna aliyekaa usiku akabuni zile milimita 67 ili kumkomoa abiria. Shikeni jambo hili, ndugu zangu, tutalirudia: kuna tofauti inayotokana na kazi, na kuna tofauti inayowekwa makusudi kama kufuli.

Sasa gemu. Gemu za nyumbani zinahitaji televisheni, na historia ya televisheni kwetu mnaijua. Wenzetu wa Zanzibar walianza kuona matangazo ya rangi mwaka 1973. Huku Bara tulingoja mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza kurusha matangazo. Wakati huo dunia ya gemu ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa imetoa mashine yake iitwayo Famicom mwezi Julai mwaka 1983. Afrika Mashariki wengi hatukuijua Famicom yenyewe. Tulizijua ndugu zake wa kuigiza, zilizotengenezwa Taiwan, Hong Kong na China, pamoja na zile kaseti za rangi ya njano zilizoandikwa kwamba zina gemu milioni kadhaa, kumbe ukihesabu ni gemu chache zinazojirudia kwa majina mapya.

Kaseti ya Famicom ilikuwa na meno 60 ya kupitisha umeme. Nintendo walipoipeleka mashine hiyo Marekani mwaka 1985 waliibadilisha sura, wakaipa jina jipya la NES, na kaseti zake zikawa pana zaidi, zenye meno 72. Gemu ya Super Mario Bros. iliyo ndani ni ile ile: mtu mfupi mwenye masharubu anaruka juu ya uyoga. Lakini mwenye kaseti ya Japani hakuweza kuichomeka kwenye mashine ya Marekani. Na hapa kuna kituko. Baadhi ya kaseti za mwanzo zilizouzwa Marekani, kama zile za gemu iitwayo Gyromite, ukizifungua unakuta ndani bodi ya Kijapani yenye meno 60 imechomekwa kwenye kigeuzi cha kuifikisha meno 72. Kwa hiyo kiwanda chenyewe kilijua kwamba daraja linawezekana.

Lakini meno yalikuwa jambo dogo. Ndani ya mashine ya NES kuliwekwa chipu ndogo, na ndani ya kila kaseti halali kukawekwa chipu mwenzake. Ukiwasha, chipu hizo mbili zinaanza kusemezana kama walinzi wa zamu wanaoulizana neno la siri. Jibu lisipolingana, mashine inajizima na kuanza upya, tena na tena, kioo kinapepesa tu. Hilo ndilo kufuli, ndugu msomaji. Halikuongeza raha yoyote ndani ya gemu. Kazi yake ilikuwa kuamua nani aingie na nani abaki nje, na kila mtengenezaji wa gemu aliyetaka kuingia ilibidi apige hodi kwa Nintendo na kukubali masharti yake.

Watu walijaribu kulivunja. Kampuni ya Atari Games ilikwenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani mwaka 1988, ikapata nakala ya programu ya kufuli hilo kwa maelezo ya uongo kwamba ilikuwa tayari imeshtakiwa, kisha ikatengeneza ufunguo wake. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilisimama upande wa Nintendo. Ilistahili, maana mwizi wa ufunguo ni mwizi. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba kuichunguza mashine uliyoinunua kihalali ili uelewe inavyofanya kazi si kosa. Mwaka huo huo 1992 kampuni ya Accolade, ambayo ilikuwa imeichunguza mashine ya Sega ili gemu zake nayo ziweze kuchezeka humo, ilishinda rufaa dhidi ya Sega. Hapo mlango ukafunguka kidogo.

Kesi ninayoipenda mimi ni ya baadaye. Sony waliingia uwanjani na PlayStation mwezi Desemba mwaka 1994, wakaacha kaseti na kutumia CD. CD ni kitu cha kawaida, kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na mlango wake. Basi watu wakajiuliza: kama CD ninayo, na kompyuta ninayo, mbona siwezi kucheza? Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Connectix ikatoa programu iliyoifanya kompyuta ya Macintosh ijifanye PlayStation. Unaweka CD yako uliyoinunua kwa hela yako, unacheza. Sony wakashtaki. Mwezi Februari mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Connectix hawakuvunja sheria. Ushindi! Lakini mwaka uliofuata Sony wakainunua programu hiyo na kuacha kuiuza. Nimeikumbuka mara nyingi habari hii. Ukishindwa kumfunga mtu mdomo kwa sheria, unaununua mdomo wenyewe.

Mgala muue na haki yake mpe. Sony hao hao walipotoa PlayStation 2 mwaka 2000 waliiacha ikubali CD nyingi za mashine ya kwanza. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na ndiyo iliyojenga mabanda ya gemu mitaani kwetu. Hapa Kongwa, kama kwingine, banda la gemu lilikuwa na televisheni mbili tatu, padi zilizofungwa selotepu, na kelele za kutosha. Hukumiliki gemu wala mashine. Ulimiliki dakika zako. Mwenye banda alinunua mara moja, mtaa mzima ukacheza. Ukibahatika kuwa na CD yako, uliweza kumwazima mwenzio, kubadilishana naye au kumuuzia. Umaskini ulitufundisha kwamba kitu kimoja kinaweza kutumika na wengi bila kuisha.

Kisha mambo yakabadilika. PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006. Matoleo yake ya mwanzo yalicheza CD za mashine ya pili, ya baadaye yakaondolewa uwezo huo. PlayStation 4 ya mwaka 2013 haikuzikubali kabisa CD za PlayStation 3. Chukua mfano wa gemu ya mpira ya FIFA 14, ya mwaka huo huo wa 2013. Ilitolewa kwa PlayStation 2, ikatolewa kwa PlayStation 3, ikatolewa kwa PlayStation 4. Jina moja, mwaka mmoja, kampuni moja, lakini CD tatu zisizojuana. Kijana aliyekuwa na ya mashine ya zamani alipokuta banda limenunua mashine mpya alibaki na bati la mviringo linalong'aa, zuri la kufukuzia ndege shambani.

Hapa nataka niwe mwadilifu, maana kulalamika ni rahisi. Mashine hizi haziko sawa tumboni. Ubongo wa PlayStation 3 ulikuwa wa aina ya pekee, mgumu hata kwa mafundi. Gemu iliyoandikwa kwa ajili yake haikuingia PlayStation 4 bila watu kukaa na kuiandika upya sehemu kubwa. Hao watu wana watoto, wanakula. Ukilipia jasho lao mara ya pili, unalipia kazi, kama wale vibarua wanaohamisha mizigo kule Kidatu. Mimi naota kuwa mwandishi wa riwaya; siwezi kusema jasho la mtunzi ni bure. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 imeziweka programu za kompyuta pamoja na vitabu, na kitabu changu, kikitoka Mungu akipenda, kitajificha chini ya mwavuli huo huo.

Lakini kazi ni kazi na kufuli ni kufuli. Mfano mzuri ni Minecraft, gemu ya kujengajenga ambayo kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Kwa miaka mingi kulikuwa na matoleo mawili ya kompyuta, yaliyouzwa kila moja peke yake. Mwezi Juni mwaka 2022 wenyewe wakaamua kuyauza pamoja kama kitu kimoja. Vivyo hivyo kampuni ya Microsoft ilianza mwaka 2016 kuuza gemu fulani ambazo ukinunua mara moja unacheza kwenye Xbox na kwenye kompyuta ya Windows. Na mwaka 2018 Sony, baada ya kelele nyingi za wachezaji, wakakubali watu wa PlayStation wacheze Fortnite pamoja na watu wa mashine nyingine. Kumbe inawezekana. Kilichokosekana miaka yote ile ni nia.

Siku hizi mambo yamehamia kwenye simu, na kufuli limekuwa halionekani. Gemu uliyoilipia kwenye duka la simu za Android haikufuati ukihamia iPhone. Huwezi kumwazima jirani, huwezi kuiuza. Na hata pale ulipoinunulia, si yako kama unavyodhani. Mwezi Machi mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya gemu ya magari iitwayo The Crew, iliyotoka mwaka 2014, na kila aliyeinunua, hata mwenye CD mkononi, akabaki hana kitu cha kucheza. Jimbo la California lilipitisha mwaka huo sheria inayowataka wauzaji wa mtandaoni waseme wazi kwamba anachopewa mnunuzi ni leseni tu, yaani ruhusa. Sheria haikuliondoa kufuli; ililazimisha liandikwe mlangoni. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Afadhali basi mtu ajue kwamba ameazimwa kabla hajatoka nayo barabarani.

Vijana wenzangu, mtaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa nyanda hizi za ukame, ambao bei ya gemu moja mpya ni debe kadhaa za mahindi? Yanatuhusu kuliko yanavyowahusu matajiri. Tajiri akinunua mara mbili anakasirika dakika tano. Sisi tukinunua mara mbili, kuna kitu nyumbani hakikununuliwa. Na mazoea haya hayataishia kwenye gemu. Nyimbo zimekwisha kuingia humo, na vitabu vya kusomea kwenye simu navyo vimeingia.

Kitabu cha karatasi hakikuulizi taa unayokisomea ni ya nani. Kibatari, umeme, mwanga wa mbalamwezi, chenyewe kinafunguka tu. Anayetunga gemu alipwe, na anayetoa jasho la kuihamisha kutoka mashine hii kwenda ile alipwe pia. Anayedai alipwe kwa sababu ameshika kufuli tu, huyo tuwe na ujasiri wa kumuuliza, hata kama tuko Kongwa na yeye yuko Tokyo: bwana, hapa unaniuzia nini hasa?