Taharuki katika Riwaya ya Upelelezi: Kutoka kwa Bwana Msa hadi kwa Mdukuzi

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, mpelelezi wake, Bwana Msa, alitegemea jicho, sikio na akili. Je, tarakilishi ilipoingia katika utanzu huu, taharuki ilibadilika?

Tuanze na kisa cha kweli. Mwaka wa 1986, katika maabara moja ya California, mwanaastronomia Clifford Stoll alitakiwa kueleza upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya tarakilishi. Senti hizo zilimfikisha kwa mdukuzi wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyewauzia majasusi wa Usovieti habari. Kitabu chake, The Cuckoo's Egg (1989), si riwaya, lakini husomeka kama riwaya. Mwaka wa 2001, Jeffery Deaver alitoa The Blue Nowhere, ambamo polisi wanamtoa mdukuzi gerezani awasaidie kumnasa mdukuzi mwuaji.

Kwa maoni yangu, kilichobadilika ni mahali pa kidokezo tu. Senti 75 zinatushika kwa sababu hata sisi tunaweza kuzihesabu. Mwandishi anapomfanya mdukuzi abonyeze kitufe na siri zote zifunuke, msomaji hana la kukisia, na taharuki hufa.

Kwa hivyo mtahiniwa asiridhike kuandika kwamba "kuna taharuki". Aonyeshe kidokezo ni kipi, kimefichwa wapi, na msomaji amepewa nafasi gani ya kukifumbua.