Fahamu Iridovirusi, Virusi Vinavyobadili Rangi ya Nyenje na Wadudu Wengine

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa hilo, ambazo ni Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kwa mkoa kama Kigoma, ambako dagaa na migebuka ni sehemu ya mlo wa kila siku, kipindi cha aina hiyo huonesha umuhimu wa kuwa na vyanzo vingine vya protini kwa binadamu na mifugo.

Miongoni mwa vyanzo hivyo ni nyenje, mdudu anayeweza kufugwa kwa ajili ya chakula cha binadamu na cha kuku. Katika nchi jirani ya Kenya, ufugaji wa nyenje umefanyiwa utafiti na taasisi ya icipe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970. Mwaka 2018, spishi ya nyenje inayofugwa nchini humo ilitambuliwa kuwa mpya katika sayansi na kupewa jina la Scapsipedus icipe.

Hata hivyo, kama ilivyo kwa mifugo mingine, nyenje hushambuliwa na magonjwa. Mojawapo husababishwa na iridovirusi.

Asili na umbile

Jina la virusi hivi linatokana na Iris, mungu wa upinde wa mvua katika masimulizi ya Wagiriki wa kale. Viligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1954 katika mabuu ya inzi wenye miguu mirefu wa jenasi ya Tipula. Tangu wakati huo vimeonekana katika mbu, nondo, mbawakawa, nyenje na wadudu wengine.

Rangi inayoonekana si rangi ya kupaka. Virusi vinapozaliana kwa wingi ndani ya seli, hujipanga kwa safu zenye mpangilio kama wa fuwele, na safu hizo huakisi mwanga wa buluu, zambarau au kijani. Hali hiyo inakaribiana na rangi zinazoonekana mafuta ya injini yanaposambaa juu ya maji bandarini.

Dalili

Nyenje aliyeathirika huweza kuvimba tumbo, kudhoofika na kuwa na rangi ya buluu katika tishu za mafuta zilizo ndani ya mwili. Uwezo wake wa kuzaa hupungua na huweza kufa mapema.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Kanada ulibaini kuwa nyenje walioambukizwa waliendelea kupandana, ingawa majike walikuwa na mayai machache na mbegu za madume hazikuwa na nguvu ya kutembea. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba kundi linaweza kuonekana changamfu huku likisambaza maradhi. Aidha, baadhi ya nyenje hubeba virusi bila kuonesha dalili yoyote.

Maambukizi hupita pia pale nyenje wanapokula wenzao waliokufa au wagonjwa, jambo linaloongezeka wanaporundikana katika eneo dogo.

Usalama wa mlaji

Iridovirusi vya wadudu havizaliani katika mwili wa binadamu. Pamoja na hayo, nchini Ujerumani virusi vya kundi hili vilipatikana katika mijusi wa kufugwa waliokuwa wakilishwa nyenje. Kwa sababu hiyo, wadudu wagonjwa au waliokufa wenyewe hawafai kuliwa wala kulishwa mifugo, na wadudu wazima wapikwe vizuri kabla ya kuliwa.

Hatua za kuchukua

Ugonjwa huu hauna dawa, hivyo kinga ndiyo njia ya kuokoa mradi. Mfugaji anashauriwa kutenga nyenje wapya kabla ya kuwachanganya na wa zamani, kupunguza msongamano, kuondoa mizoga kila siku na kuichoma, pamoja na kutotumia vyombo vya banda moja katika banda jingine. Banda lililoathirika lisafishwe kabla ya kuingiza kizazi kipya.

Kwa kuwa rangi pekee haitoshi kuthibitisha ugonjwa, uthibitisho hufanyika maabara kwa kipimo cha vinasaba au kwa hadubini ya elektroni. Mfugaji anayeona vifo visivyo vya kawaida asiuze wala kugawa nyenje wake, bali atoe taarifa mapema kwa Afisa Mifugo wa kata yake.