Mpishi wa Lokitaung

Shuleni tulikariri majina ya Sita wa Kapenguria kama orodha ya dukani: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba, Oneko. Hukumu ikasomwa Aprili 1953, mwalimu akafuta ubao, tukarukia uhuru. Walikopelekwa hakukuwa na maana sana. Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiliwa. Aliwekwa kizuizini kwingine. Wale watano walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, si mbali na mpaka wa Ethiopia.

Kwa nini Lokitaung? Kwa sababu mkoloni alijua alichokuwa amewanyima watu wa huko. Mahali pasipo barabara ya maana ni gereza tayari, ukuta wake ni jua na umbali. Waturkana walitozwa kodi, na bado wilaya yao ilifungwa, mgeni haingii bila kibali. Kodi ilipata njia ya kutoka. Shule na hospitali hazikupata njia ya kuingia.

Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, hakupewa kazi ngumu kama wenzake. Aliwapikia. Na mpishi, jameni, ndiye anayejua maji yamebaki kiasi gani na unga utafika lini.

Juni 1958 gazeti la The Observer la London lilichapisha barua kutoka gereza hilo, ikieleza hali ya wafungwa. Mwezi huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema hao bado ni viongozi wa watu. Mwaka uliofuata Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Kufikia 1964 alikuwa Rais.

Sasa sikiliza. Mwaka 1965 serikali yake ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliotayarishwa na wizara ya Tom Mboya. Utangulizi una jina la Kenyatta. Waraka ulisema pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Yaani si Lokitaung.

Tuwe wakweli, nchi ilikuwa changa na mfuko mwembamba. Lakini mahali pasipo barabara hapawezi kuonyesha faida, na pasipoonyesha faida hapapewi barabara. Ni kama kumnyima mtu karo halafu kumuuliza cheti kiko wapi. Hilo nalijua vizuri. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo.

Kwangu, funzo la Lokitaung ni hili: hata mtu aliyepika kwa maji ya mahali anaweza kupasahau akishika kalamu ya bajeti. Tukitegemea kumbukumbu ya kiongozi, tumekwisha. Tunahitaji sheria na daftari.

Sheria tulipata 2010. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Ugatuzi ulipoanza 2013, Turkana ilitengewa zaidi ya shilingi bilioni 7, ya pili baada ya Nairobi. Ile hazina nayo? Miaka zaidi ya kumi baadaye, sehemu kubwa ya pesa zake haijafika.

Na pesa zinazofika Lodwar, nani anazifuata mpaka Lokitaung? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya kila kaunti kila mwaka. Iko wazi kwa umma. Wengi wetu tunaisoma ikigeuka kashfa ya siku moja, kisha tunasonga.

Usiseme hiyo ni shida ya Waturkana. Mama anayenunua sabuni Lokitaung analipa VAT ya asilimia 16 sawasawa na wewe wa Kilimani. Kodi imeshajua njia ya kwenda kwake, tangu zamani. Swali la wafungwa wale lilikuwa la chakula na siku zao. Swali letu ni dogo zaidi, na halihitaji barua ya kupenyezwa hadi London: kisima kilichoandikwa kwenye bajeti kiko wapi, na kinatoa maji?