Jaji aliyekausha besimenti

Kaskazini mwa Marekani, kuchimba chini ya nyumba hakukuanza kwa anasa. Ardhi ikiganda wakati wa baridi huvimba, nayo huinua msingi usiokwenda chini na kupasua kuta. Kaskazini mwa Minnesota, sheria ya ujenzi inataka msingi ushuke futi 5. Mwenye nyumba akishachimba hadi huko, huona heri aongeze kina kidogo apate chumba kizima: besimenti.

Lakini maji nayo hukitaka chumba hicho. Katika majimbo ya New England ya karne ya 19, wakulima waliweka humo viazi, matufaha na mapipa ya nyama ya chumvi. Theluji ilipoyeyuka, mapipa yalielea.

Mwaka 1859 Henry Flagg French, jaji wa New Hampshire aliyependa kilimo kuliko mashauri, alichapisha kitabu kuhusu kukausha mashamba. Ndani yake aliitengea besimenti sura nzima, akakata shauri kwamba kusakafia kwa saruji pekee hakufai. Sababu yake haijabadilika: maji yakituama nyuma ya ukuta husukuma, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu, mpaka yapate ufa. Dawa yake ilikuwa kuyapa njia. Mabomba ya udongo wa kuchoma yalilazwa chini ya usawa wa sakafu, moja likigusa lingine bila kuzibwa viungo, na yote yakiinamia upande wa kutokea. Maji yalipenya kwenye viungo yakaenda zao. Mtaro wa namna hiyo ungali unaitwa kwa jina lake.

Besimenti kavu, hata hivyo, haikuwa sebule. Kwa miaka mingi ilikaliwa na tanuri la kupashia nyumba joto pamoja na rundo la makaa ya mawe, na vumbi lake lilitosha kumfukuza yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafuta na gesi vilipochukua nafasi ya makaa, familia zilishuka na mbao za ukutani, zulia na televisheni. Mwaka 1959 serikali ikagawa kijitabu cha kuwafundisha raia kujenga humo kona ya matofali ya saruji, kinga dhidi ya mionzi ya nyuklia. Hata hivyo, familia nyingi zilitandika zulia juu ya zege tupu, zikavuna ukungu.

Katika miaka ya 1960, bomba la plastiki lenye matundu lilianza kuchukua nafasi ya lile la udongo, na pale penye maji mengi huwekwa pampu ya umeme. Kazi ni ileile. Kwa hiyo fundi akikuahidi kumaliza unyevu kwa kupaka rangi ya ukuta tu, muulize kwanza maji yatapitia wapi.