Vanilini: Harufu tamu ya shambani iliyohamia kiwandani

Anayenusa keki ikitolewa jikoni huamini kwamba amenusa vanila. Mara nyingi sivyo. Alichokinusa ni vanilini, kemikali inayoipa vanila harufu yake kuu, na sehemu kubwa mno ya vanilini inayotumiwa ulimwenguni haijawahi kuona shamba. Inakadiriwa kwamba ile itokayo katika vanila yenyewe haifiki asilimia 1. Iliyosalia hutengenezwa viwandani.

Vanilini ikiwa safi ni fuwele nyeupe zenye umbo la sindano. Kila molekuli yake ina atomu 8 za kaboni, 8 za hidrojeni na 3 za oksijeni. Hutiwa katika aiskrimu, chokoleti, biskuti, manukato na hata dawa, ambamo hufunika ladha chungu.

Vanila ni mmea mtambaazi wa jamii ya okidi, na asili yake ni Mexico na nchi jirani. Ajabu ni kwamba ganda lake bichi halinukii. Vanilini iliyomo huwa imefungamana na sukari, na huachiliwa tu ganda linapotayarishwa: hutumbukizwa katika maji ya moto, huanikwa juani mchana na kufunikwa usiku ili litoe jasho, kisha hukaushwa polepole kwa miezi kadhaa. Takriban kilo 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 ya maganda makavu, na katika hayo vanilini ni kama asilimia 2 pekee.

Kazi huanza mapema zaidi. Ua la vanila huchanua kwa siku moja tu, na nje ya kwao halina mdudu wa kutegemewa kulichavusha. Mwaka wa 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa mwenye umri wa miaka 12 aliyeitwa Edmond alionyesha jinsi ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Mbinu yake iliwatajirisha wengi na bado hutumika Madagascar, Komoro na Uganda. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1880 akiwa fukara.

Njia ya kiwandani ilifunguliwa na wanakemia. Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitenga vanilini safi mwaka wa 1858. Mwaka wa 1874, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza kutokana na kemikali ya utomvu wa misonobari. Manukato ya Jicky yaliyotolewa na Guerlain mwaka wa 1889 yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuitumia vanilini hiyo.

Hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki ilipoingia katika kisa hiki. Iligunduliwa kwamba yujinoli, kemikali inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya karafuu, yaweza kugeuzwa kuwa vanilini. Karafuu ilikuwa zao kuu la Unguja na Pemba, visiwa vilivyoongoza ulimwengu kwa biashara hiyo. Kwa miongo kadhaa, mafuta ya karafuu yalikuwa mojawapo ya malighafi muhimu za vanilini.

Kuanzia miaka ya 1930, viwanda viligeukia lignini, masalio ya mbao baada ya kutengenezwa karatasi. Siku hizi sehemu kubwa hutokana na gwayakoli, kemikali inayopatikana kutokana na mafuta ya petroli. Nyingine hutengenezwa kwa kutumia vijidudu vinavyogeuza asidi iliyomo katika pumba za mchele.

Mwenye kuumia katika ushindani huu ni mkulima. Madagascar hutoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia, hivyo kimbunga kimoja huko hutikisa soko zima. Baada ya kimbunga Hudah cha mwaka wa 2000, bei ilipanda hadi takriban dola 500 za Marekani kwa kilo mwaka wa 2003. Wakulima wengi wa Uganda, na hata wa Kagera nchini Tanzania, walipanda vanila. Lakini bei ilipopaa, watengenezaji wa vyakula walikimbilia vanilini ya bei nafuu, na kufikia mwaka wa 2005 bei ya vanila ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 50. Mmea huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Aliyepanda wakati bei iko juu alivuna wakati soko limekufa.

Je, mnunuzi atatofautishaje? Molekuli ni ile ile, na pua haiwezi kujua ilikotoka. Hata hivyo, ganda halisi lina mamia ya kemikali nyingine, ndiyo maana ladha yake ni nzito zaidi. Maabara, kwa upande wake, hupima kaboni: ile ya petroli ni kongwe mno hata imepoteza mnururisho wa asili ulio katika mimea hai. Nchini Marekani, sheria hairuhusu kioevu kuitwa dondoo la vanila ila kiwe kimetokana na maganda yenyewe na kiwe na pombe isiyopungua asilimia 35.

Asiye na maabara abaki na lebo. Kichupa cha bei ya chini kilichoandikwa kwamba ladha yake ni ya kutengenezwa si hadaa wala si sumu. Ni vanilini ya kiwandani inayojitambulisha kwa haki. Hadaa ni kuchora ua la vanila kwenye kichupa hicho na kumtoza mnunuzi bei ya jasho la mkulima ambaye hakulipwa hata senti.