Ibane Chini, Iachie Juu

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Mama mmoja wa makamo ameshika pakiti ya soksi anaigeuza huku na huku. Anakwenda Jeddah kwa Umra, na mwanawe aliye ughaibuni amempigia simu: asipande ndege bila soksi za kubana. Pakiti imeandikwa "20–30 mmHg". Anamuuliza kijana wa duka, "Mwanangu, hii ishirini thelathini ni umri au namba ya mguu?"

Kijana anaipokea, anaisoma, anamrudishia kwa mikono miwili. "Hapo mama nisikudanganye. Ila zinabana, haziteremki."

Swali lile nimekaa nalo siku nyingi. Mama alikuwa amesoma sawasawa. Kilichokosekana ni Kiswahili juu ya pakiti ile. Na hata jina tunalolitumia, soksi za kubana, linasema nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayomlinda mvaaji.

Tuanze na mguu. Moyo husukuma damu hadi vidoleni, lakini kuirudisha juu ni kazi inayoutegemea sana mguu wenyewe. Ukitembea, msuli wa shavu la mguu, ile nyama ya nyuma ya ugoko, hujikaza na kuzikamua vena zilizo ndani yake. Damu hupanda, na vali ndogondogo hufunga ili isirudi chini. Ukikaa saa kumi kwenye kiti cha ndege, magoti yamekunjwa, msuli haukamui. Damu inatuama kama maji ya mvua kwenye mtaro ulioziba. Maji yake hupenya na kujaa kwenye nyama, na kiatu kilichoingia vizuri Dar es Salaam kinagoma Guangzhou. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo China wanaijua hali hiyo. Kwa watu wachache, damu iliyotuama huganda humo humo ndani ya vena, na bonge hilo likikatika likafika mapafuni, linaweza kuua.

Nasema vena kwa makusudi. Neno mshipa limebebeshwa mengi mno: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, kano za misuli, na kwa wazee wa pwani hata ngiri. Mtu akikwambia "nina mshipa", bado hujajua anaumwa nini. Vitabu vyetu vya biolojia vilifanya vema kuchukua vena na ateri, maana soksi hii inahusu damu inayorudi moyoni.

Soksi yenyewe hubana kwa nguvu zaidi kwenye kifundo cha mguu, kisha mbano unapungua kidogo kidogo kadiri inavyopanda kuelekea goti. Hapo ndipo ilipo siri yake. Ukiigeuza ndani nje na kuivuta kwa vidole, utasikia chini inakataa na juu inakubali. Soksi ya kawaida ya mpira mkali hufanya kinyume: imelegea kifundoni, halafu mpira wa juu umekaza na kuacha alama ya pete chini ya goti. Nayo inabana, tena sana, lakini inabana mahali pabaya. Mtu aliyeagizwa "soksi za kubana" anaweza kununua hiyo na kuondoka ameridhika.

Sasa istilahi. Lugha ya mtaani ingependa kusema presha, lakini presha kwetu ni ugonjwa. Ukimwambia mzee avae soksi za presha atadhani zinashusha shinikizo la damu, na pengine ataacha vidonge. Shinikizo lina kasoro hiyo hiyo. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno ninalolipenda kwa jinsi lilivyoungwa: kani juu ya eneo, maana yote imo ndani ya jina. Linafaa maabara, dukani hakuna atakayeomba soksi za kanieneo. Mgandamizo tunausikia kwenye utabiri wa hali ya hewa, mgandamizo mkubwa huku na mdogo kule, na kwa masikio yangu unabaki angani. Soksi kandamizi nazikataa kabisa, kwa sababu kukandamiza ni kuonea.

Linabaki kubana, na nomino yake mbano. Ni neno la mwili, kila mtu amewahi kubanwa na kiatu. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye kazi ya kusanifisha istilahi, lakini duka halisubiri kikao. Hata Kariakoo lenyewe ni jina lililopatikana kwa sikio la watu. Waingereza waliweka hapa wapagazi wa Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likawa la kwetu moja kwa moja. Jina la mahali linaweza kuishi hivyo bila maana yake ya kwanza kujulikana. Jina la kifaa cha afya ni bora libebe maana yake.

Mwelekeo wa mbano nimeupata kwa mafundi cherehani wa barazani. Mteja akileta suruali anasema, "Fundi, ibane chini, iachie juu." Fundi haulizi zaidi. Kwa maneno hayo mawili ameelewa kwamba nguo haibadiliki ghafla, inaachia taratibu kutoka kifundoni kwenda juu. Basi napendekeza soksi za mbano wa kuachia. Kwa mkato, soksi za mbano, mradi maelezo kwenye pakiti yataje kuachia. Zinazofika pajani ni stokingi za mbano wa kuachia, na zinazofika kiunoni ni taiti. Maneno hayo tunayo tayari na hayahitaji kutafsiriwa upya.

Anayeona kuachia kuwa neno la ushonaji tu aende baharini. Simama Kigamboni maji yakufike kifuani. Miguu inakuwa myepesi, kwa sababu maji hubana zaidi kadiri unavyokwenda chini, na mbano unaachia kuelekea juu ya maji. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Marekani, alikuwa na ugonjwa wa vena, akagundua kuwa miguu ilitulia akisimama ndani ya bwawa la kuogelea. Kutokana na hilo akatengeneza soksi inayoiga maji.

Tuirudie ile 20–30. Hizo ni milimita za zebaki, kipimo kile kile cha mashine ya presha inaposema 120 kwa 80. Msafiri mwenye afya anatosheka na 15–20. Namba za 20–30 kwa kawaida ni za mtu aliyeandikiwa na daktari. Mwenye ateri za miguu zilizoziba, au mwenye kisukari ambaye nyayo zake hazisikii, asivae yoyote kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa mbano unaweza kuunyima damu mguu ambao tayari inaufikia kwa shida.

Je, zinasaidia kweli? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa hatari ya damu kuganda venani huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo, kiasi cha mmoja kwa 6,000. Na ripoti ile haikuishia kwenye ndege, ilitaja pia gari, treni na basi. Anayetoka Mbezi Luis kwenda Bukoba yumo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2016 yaliwakuta abiria 50 waliopata mgando usio na dalili. Kati yao 3 tu walikuwa wamevaa soksi hizi, 47 hawakuvaa. Hata hivyo mvaaji bado ainuke, atembee, azungushe vifundo. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikakatika, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuchagua saizi kwa namba ya kiatu ni kosa kubwa. Mpira ule ule ukizungushwa kwenye kitu chembamba hubana zaidi kuliko kwenye kinene, kwa hiyo vipimo ni viwili: mzunguko wa kifundo mahali kilipo chembamba kabisa, na mzunguko wa shavu la mguu mahali lilipo nene kabisa. Upime asubuhi, miguu haijajaa. Ukivaa, usiikunje sehemu ya juu, maana mkunjo unaongeza mbano palepale panapotakiwa kuachia.

Nilimwomba mama yule tuvuke hadi kwa fundi wa jirani. Fundi akapiga magoti, akapitisha futikamba kifundoni, ikasoma sentimita 24. Kwenye shavu la mguu, 38. Tukarudi dukani, kijana akashusha boksi lote, akatafuta hadi akapata pakiti ya 15–20 ambayo jedwali lake lilikubali vipimo vyote viwili. Mama akampigia mwanawe simu papo hapo, katikati ya kelele za mikokoteni.

"Nimezipata. Za kubana chini, juu zinaachia. Eeh, nimepimwa, ishirini na nne. Na fundi, baba, na fundi."