Kabla sijanunua kadi ya gemu, nilihesabu wati

Wadau, swali nililoulizwa zaidi mwezi huu ni moja: "Bro, hiyo mashine yako utaitupa lini?" Wanaoniuliza ni vijana wanaokuja bandani kwangu hapa Hadado jioni kucheza mpira wa kwenye skrini, na pia nyinyi mnaoniona kwenye video. Video zangu za mwisho mmeziona wenyewe: picha inakwama, sauti inatangulia. Mashine imechoka. Nimeweka kando elfu thelathini, na kila mtu ana maoni kuhusu hiyo pesa. Abti wangu anasema nirudi nayo chuo. Vijana wa bandani wanasema ninunue kadi kubwa kabisa. Mama yangu hajasema ninunue nini. Amesema tu, "Hooyo, hilo sanduku lisinizimie friji."

Sasa kaeni, kwa sababu jibu langu limepitia miaka zaidi ya 40 ya historia, na sikupanga lifike huko.

Kwanza mashine yenyewe. Ni sanduku la ofisi, ex-UK, nililonunua Eastleigh nikiwa bado mwanafunzi. Ubavuni bado lina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ya watu. Prosesa ni Intel Core i5-4570 ya mwaka 2013, RAM ni gigabaiti 8 za DDR3, diski ni ile ya kuzunguka, na kadi ya gemu ni GTX 750 Ti iliyotoka Februari 2014. Kwa umri wa kompyuta huyo ni mzee wa kijiji. Lakini ndiyo iliyonilisha tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili, baada ya ukame wa 2021 na 2022 kumaliza mifugo yetu na karo kukosa pa kutoka. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni gemu tu," namwacha apite.

Nilianza kutafuta ushauri kama kila mtu anavyofanya. Nikatazama video za wazungu, za Wahindi, za wasee wa Nairobi. Wote wanapima kadi kwa fremu kwa sekunde. Hii inatoa 60, ile inatoa 144. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza umeme unatoka wapi. Plagi iko ukutani, basi. Banda langu na duka la mama vinakula paneli moja kwa moja kutoka juani, na usiku vinakula betri mbili. Ndipo nikaamua kuisoma hii historia upya, na safari hii nikasoma namba ambayo wao huiruka: wati.

IBM ilizindua kompyuta yake binafsi, modeli 5150, tarehe 12 Agosti 1981. Kifaa cha kugawa umeme ndani yake, kile tunachokiita pawa saplai, kilikuwa cha wati 63.5. Nikaisoma mara mbili. Kadi yangu peke yake, ambayo leo inaitwa takataka, imepimwa wati 60! Lakini umuhimu wa mashine ile kwetu si udogo wa umeme. IBM iliitengeneza ikiwa na nafasi tano za kuchomeka kadi, na ikachapisha michoro ya jinsi ilivyoundwa. Watu wengine wakaanza kutengeneza kadi zao za kuchomeka humo, na kufikia 1983 Compaq walikuwa wanauza mashine nzima inayoendesha programu za IBM bila kuwa ya IBM. Kila mtu anayefungua sanduku lake leo akabadilisha kipande kimoja badala ya kununua zima anafaidi uamuzi ule. IBM wenyewe nadhani waliujutia.

Umeme ukaanza kupanda. Modeli ya XT ya 1983 ilikuja na diski ngumu, na pawa saplai ikawa ya wati 130. AT ya 1984 ikafika 192. Mwaka 1995 Intel wakaleta ATX, kipimo cha pamoja cha umbo la madabodi, kesi na waya za umeme, ili kipande cha kiwanda kimoja kiingie kwenye sanduku la kiwanda kingine. Ikumbukeni hiyo ATX, maana ilinila pesa mwaka jana na nitawaeleza.

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ikatoa Voodoo, kadi iliyowafanya watu waamini kompyuta ya nyumbani inaweza kuchora dunia ya pande tatu bila kukwama. Unaichomeka, inapata umeme kwenye sloti yenyewe, umemaliza. Miaka minne tu baadaye, Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 ilihitaji waya wake wa umeme kutoka ndani ya sanduku, kama diski. Na dada yake mkubwa, Voodoo5 6000, ambayo haikuwahi kuingia sokoni, ilipangiwa adapta yake ya kuchomeka ukutani. Yaani kadi iliyo ndani ya kompyuta ina plagi yake nje ya kompyuta! Desemba ya mwaka huohuo 3dfx ikakubali kuuza mali zake kwa NVIDIA. Sisemi umeme ndio uliowaua, walikuwa na makosa mengi ya biashara. Lakini ile plagi ya ukutani kila nikiifikiria nacheka, halafu nakumbuka inveta yangu, naacha kucheka.

Halafu kuna mwaka 2004, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni sehemu inayorukwa na wengi. Kwa miaka Intel walikuwa wanauza mbio: gigahezi mbili, tatu, tunaenda nne. Pentium 4 za toleo lililoitwa Prescott zikawa zinakula zaidi ya wati 100 na kutoa joto la jiko. Mei 2004 Intel wakafuta prosesa iliyokuwa ifuate, Tejas. Baadaye mwaka huohuo wakaachana pia na Pentium 4 ya gigahezi nne. Walipopumua, walirudi 2006 na Core 2 Duo: za kawaida za mezani zilipimwa wati 65, na zilizishinda zile za zamani huku zikila umeme mdogo zaidi. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo iligeuza gari barabarani. Kwa hiyo yule anayeniambia "bro, nguvu zaidi ni lazima ile umeme zaidi" hajui kwamba hilo lilishawahi kukanushwa na wenye viwanda wenyewe.

Upande wa kadi, hakuna aliyegeuza gari. Mfumo mpya wa sloti, PCI Express, ambao bado tunautumia, uliipa kadi wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe. Ikitaka zaidi, iunganishwe waya: wa pini sita unaongeza 75, wa pini nane 150. Wenye kadi wakaongeza kweli. GTX 480 ya mwaka 2010, wati 250. RTX 4090 ya 2022, wati 450. RTX 5090 ya Januari 2025, wati 575. Wati 575 kwa kadi moja, kabla hujawasha skrini. Paneli zangu zote mbili saa sita mchana hazifiki hapo.

Lakini pembeni ya ukoo huo mkubwa kuna ukoo mdogo ambao hausifiwi: kadi zinazotosheka na umeme wa sloti. Hii 750 Ti yangu, wati 60. Kisha GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, wati 75. Kisha GTX 1650 ya Aprili 2019, wati 75. Kisha RTX 3050 ya gigabaiti 6, Februari 2024, wati 70. Tazama hiyo mistari: miaka kumi, umeme karibu uleule, na kila moja inaishinda iliyoitangulia. Hazikutengenezwa kwa ajili ya Hadado. Nani huko California anaijua Hadado? Zinawafaa watu wenye masanduku ya ofisi yenye pawa saplai ndogo. Lakini masanduku hayo ndiyo yanayoletwa kwetu, kwa hiyo bila kujua walitutengenezea.

Na msidhani nalalamikia jua. Disemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua mtambo wa sola wa Garissa, megawati 50, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki wakati huo. Umeme wake unaingia gridi ya taifa. Mji wa Wajir wenyewe umeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Sisi wa Wajir Magharibi jua tunalo, tatizo ni la usiku, na wateja wangu ni wa usiku. Wanakuja baada ya swala ya isha, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe.

Hesabu yangu ni hii. Betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 200, ni wati-saa 4,800 kwenye karatasi. Betri za asidi ukizishusha chini ya nusu unaziua, kwa hiyo ninazo 2,400. Inveta inakula chake, zinabaki kama 2,000. Friji ya mama, yenye maziwa ya ngamia na maji ya kuuza asubuhi, inakula kama 600 mpaka alfajiri. Taa, feni na simu za watu zinazochaji, 300. Zinabaki 1,100 za gemu. Nimeipima mashine kwa kimita cha plagi: ikicheza, pamoja na skrini, ni wati 150. Saa tano ni 750. Tunalala salama.

Kadi wanayoitaka vijana ni RX 580 iliyotumika, ya mwaka 2017, gigabaiti 8. Ni kadi nzuri, sitadanganya, na kwa pesa yake ni ngumu kuipita. Bei niliyopewa Nairobi ni elfu kumi na moja. Lakini ni ya wati 185. Nikiiweka, mashine inaenda kama 275, saa tano ni 1,375. Nimepita kwa 275, na zile 275 zinatoka kwenye friji, yaani kama saa kumi usiku maziwa yanaanza kuchacha. GTX 1650 iliyotumika ni elfu kumi na tatu. Ni ghali zaidi na kwa mbio iko nyuma ya ile. Mashine inakuwa wati 165, saa tano ni 825. Friji inafika asubuhi.

Na hiyo RX 580 ingenidai pia pawa saplai mpya. Hapo ndipo ATX iliponila. Mwaka jana nilimtuma binamu aninunulie ya wati 500. Muuzaji akamwambia inaingia kila mashine. Ikapanda basi, ikafika na vumbi lake, nikafungua sanduku: waya wake una pini 24 za ATX, madabodi yangu ina tundu la pini nane la kiwanda chake. Masanduku mengi ya ofisi yako hivyo. Miaka zaidi ya 25 baada ya watu kukubaliana kipimo kimoja, nimekaa sakafuni na waya usioingia popote. Adapta zipo, najua sasa. Ile pawa saplai iko chini ya kitanda.

Kuhusu Windows nitapita haraka. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wanaojiandikisha nyongeza ya mwaka mmoja. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Mimi niko cha nne. Wengi wanasema hiyo ndiyo sababu ya kutupa sanduku zima. Mimi naona kinyume: ofisi za Ulaya ndizo zitakazotupa, na masanduku ya kizazi cha sita na cha saba yatajaa Eastleigh, lakini nayo hayavuki mstari huo. Kununua moja sasa ni kulipia tatizo lilelile. Nangoja cha nane kishuke bei. Wakati huo hata RAM mpya za DDR5, zilizopanda vibaya mwishoni mwa 2025 viwanda vilipogeukia mashine za akili bandia, huenda zitakuwa zimetulia. RAM yangu ya DDR3 hakuna anayeigombania.

Kwa hiyo nimeamua. GTX 1650, elfu kumi na tatu. SSD, elfu tano na mia tano, na hiyo ndiyo itakayoponya mkwamo wa video kuliko kadi. Gigabaiti 8 zaidi za RAM, elfu mbili na mia tano. Jumla elfu ishirini na moja. Elfu tisa inayobaki nitaanza nayo paneli ya tatu, na mama ameikubali kabla sijamaliza sentensi. Abti bado hajaongea nami vizuri. Nimemwambia chuo sijakifuta, na ni kweli. Ila elfu thelathini hailipi hata muhula, na banda likifungwa hakuna itakayofuata.

Kitu kimoja kwa atakayenifuata: baadhi ya GTX 1650 viwanda viliziwekea tundu la pini sita, na hizo hazikufai kama sanduku lako ni kama langu. Pesa nimetuma jana kwa M-Pesa. Nimemwambia binamu asimpe muuzaji hata shilingi kabla hajanitumia picha ya ubavu wa kadi. Bado nangoja picha.